Ada ya trafiki dola 38,600 kwa mgahawa wa viti 24! Madiwani waliipitisha kwa mkupuo bila kuijadili

Wakuu, salaam.

Naleta uzi huu nikiwa na hasira, na ni mrefu. Mwenye haraka apite, lakini kama uko Marekani na unawaza kufungua biashara ya chakula, soma hadi chini.

Niko California, mji mdogo wa Bonde la Kati. Jina la mji silitaji kwa sababu maombi yangu bado yako mezani kwao. Nimeendesha lori miaka 9. Mke wangu miaka yote hiyo amepika kwenye misiba, harusi na ubatizo wa watu wetu huku, na kila shughuli ikiisha watu wanamuuliza, mama, unafungua lini? Mwaka jana tukakata shauri. Pilau, chapati, maharage ya nazi, mishkaki jioni, asubuhi chai na maandazi. Viti 24, basi.

Tukapata fremu katikati ya mji. Zamani alikuwapo dobi, akafunga, pakakaa patupu zaidi ya miaka miwili, vioo vimebandikwa magazeti. Mwenye fremu ni bibi mmoja mtu mzima, akatupunguzia kodi kwa sababu alitaka taa iwake tena pale. Ng'ambo ya barabara kuna kliniki, na wafanyakazi wake ndio niliowahesabu kama wateja wangu wa mchana. Wanavuka kwa miguu. Nilikaa pale siku tatu mfululizo kuanzia saa sita mchana hadi saa nane, nikihesabu wanaotoka kutafuta chakula.

Tukachora ramani, tukalipa mchoraji, tukaweka oda ya majiko na feni ya kutolea moshi. Idara ya afya ikapita, zimamoto wakapita. Nikaenda dirisha la vibali nikidhani nimebakiza kulipa kibali cha ujenzi. Dada wa dirishani akanipa karatasi moja. Mstari wa nne kutoka chini: ada ya trafiki, dola 38,600.

Nikamwambia, dada, hapa pana kosa, sijengi kituo cha mafuta. Akaangalia tena kwenye kompyuta. Akasema samahani, ndiyo yenyewe, na bila kuilipa kibali hakitoki.

Wakuu, hela hiyo ni kubwa kuliko gharama ya jiko langu zima.

Nieleze inavyopigwa, maana nimelala nayo wiki sita sasa. Mji unasema kila biashara mpya inaleta magari barabarani, kwa hiyo ichangie kupanua barabara na kuweka taa za kuongozea magari. Wanachukua kitabu cha makadirio cha taasisi ya wahandisi wa usafirishaji, ITE, wanaangalia aina ya biashara yako inaleta safari ngapi za magari kwa kila futi za mraba 1,000 katika saa ya msongamano wa jioni, wanazidisha kwa ukubwa wa fremu, halafu wanazidisha kwa bei ya safari moja iliyopangwa na mji. Mgahawa kwenye kitabu hicho unahesabiwa safari nyingi kuliko duka la kawaida, mara kadhaa. Na takwimu zake nyingi zilikusanywa kwenye maeneo ya pembezoni mwa miji, mahali ambapo kila mtu anafika kwa gari na hakuna anayetembea. Nesi anayevuka barabara na kitambulisho shingoni kuja kula maharage, kitabu kinamhesabu kama gari.

Haya, hilo lipo miji mingi na ningelilalamikia peke yangu nyumbani. Kilichoniwasha ni jingine.

Kwa kawaida ukichukua jengo lililokuwa na biashara, unapunguziwa safari za biashara ya zamani. Dobi naye alikuwa na wateja wa magari. Safari zake zinatolewa kwenye zangu, nalipia tofauti. Ndivyo ilivyokuwa hapa pia. Bibi mwenye fremu alikuwa na barua ya zamani ya mji inayosema hivyo hivyo. Nikarudi dirishani na ile barua. Nikaambiwa kanuni imebadilika: jengo likikaa tupu zaidi ya miezi 12, punguzo limekufa. Imebadilika lini? Miezi mitano iliyopita. Nani alijadili? Kimya. Akanielekeza kwenye video za vikao.

Nimeitazama hiyo video mara nne.

Baraza letu lina watu watano, wanakutana Jumanne mbili kwa mwezi. Mwanzoni wana kitu wenyewe wanakiita konsenti: mambo ya kawaida yamefungwa pamoja kama mzigo wa kuni, yanapigiwa kura moja bila mjadala. Jioni ile kulikuwa na vipengele 11. Muhtasari wa kikao kilichopita. Orodha ya malipo. Mkataba wa kupogoa miti. Kununua gari moja la polisi. Kufunga barabara kuu Jumamosi kwa ajili ya maandamano ya shule. Tamko la kuwapongeza wafanyakazi wa maktaba. Kipengele cha tisa: "marekebisho ya kiufundi ya kanuni za utekelezaji wa ada za maendeleo". Maneno hayo tu. Meya akauliza kama kuna diwani anayetaka kipengele chochote kitolewe kijadiliwe peke yake. Hakuna. Kuna mwananchi? Hakuna. Naomba hoja. Naunga mkono. Ndiyo, ndiyo, ndiyo, ndiyo, ndiyo. Dakika moja na nusu kwa vipengele vyote 11. Baada ya hapo wakatumia dakika 40 kubishana rangi ya mabango ya sikukuu kwenye nguzo za taa.

Maelezo ya kipengele cha tisa nikayafungua. Kurasa 63. Punguzo la majengo matupu liko ukurasa wa 48, sentensi mbili. Katika mji ambao katikati yake fremu moja kati ya kila nne imebandikwa magazeti (nimezihesabu mwenyewe kwa miguu), sentensi mbili zimesema kwamba yeyote atakayethubutu kuzifungua atalipa kama anayejenga shambani.

Sheria ya California ya mwaka 1953 kuhusu vikao vya wazi, wanaiita Brown Act, inadai ajenda ya kikao cha kawaida itangazwe saa 72 kabla. Waliitangaza Ijumaa alasiri kwa kikao cha Jumanne jioni. Saa 72 zimetimia, wametii. Lakini niambieni, mtu aliye barabarani na lori kati ya Bakersfield na Portland atasoma kurasa 63 mwisho wa wiki ili agundue sentensi mbili? Hata madiwani watano wanaolipwa posho kwa kazi hiyo hawakuuliza swali hata moja.

Nilienda kikao kilichofuata. Nikajaza kadi, nikapewa dakika 3. Nilizungumza nikitetemeka, sitaficha. Nilipomaliza meya akanishukuru, akaita jina linalofuata. Jambo langu halikuwa kwenye ajenda, na sheria hiyohiyo inawakataza kujadili kisicho kwenye ajenda. Kwa hiyo siku kipo kwenye ajenda hawakukijadili kwa sababu ni konsenti, na siku nimekuja mwenyewe hawawezi kukijadili kwa sababu hakipo. Naomba mtu anionyeshe mlango uko wapi hapo.

Sasa, nisije nikaambiwa sitaki kuchangia barabara. Lori langu linakula barabara kila siku, naijua thamani yake. Na naelewa mji ulikotoka. Mwaka 1978 wapiga kura wa California walipitisha Pendekezo la 13, kodi ya jengo ikafungiwa asilimia 1 ya thamani, na thamani hiyo haipandi zaidi ya asilimia 2 kwa mwaka mpaka mali iuzwe. Miji ikabaki na mashimo kwenye bajeti, ikageukia ada kwa wanaojenga. Kauli yao ni kwamba ukuaji ujilipie wenyewe. Sawa. Lakini mimi nimekuza nini? Jengo lilikuwapo kabla sijazaliwa. Barabara iliyo mbele yake ina njia zilezile. Nimebadilisha mashine za kufulia nikaweka majiko.

Na hela zinaenda wapi? Sheria ya jimbo ya mwaka 1987, AB 1600, inataka mji utoe hesabu ya ada hizi kila mwaka, na kila baada ya miaka mitano ueleze kwa nini zilizobaki bado zinahitajika, la sivyo zirudishwe kwa wenye mali. Nimeisoma hesabu ya mji wetu. Sehemu kubwa imewekwa kwa ajili ya makutano ya barabara kuu ya nje ya mji, upande wanakojenga mitaa mipya ya nyumba. Hakuna koleo lililogusa ardhi pale. Mtaa wangu haumo kwenye orodha ya miradi, hata taa moja, hata kivuko cha wale manesi.

Mwenye kampuni ya kujenga nyumba ana kinga yake. Kuanzia sheria ya 2019, SB 330, akiwasilisha maombi ya awali ya mradi wa nyumba, viwango vya ada vinagandishwa pale pale, mbali na nyongeza ya kawaida ya mwaka. Sina ubaya na hilo, nyumba zinahitajika. Ila mwenye mgahawa hana kitu kama hicho. Mimi nilisaini mkataba wa fremu kanuni ni moja, nikafika dirishani kanuni ni nyingine.

Kuna kesi kila mtu wa ada hizi anaitaja, nami nimeisoma. George Sheetz wa kaunti ya El Dorado, hapahapa California, alitaka kuweka nyumba ndogo iliyotengenezwa kiwandani kwenye kiwanja chake. Akadaiwa ada ya trafiki dola 23,420. Akalipa huku akipinga, akaenda mahakamani. Tarehe 12 Aprili 2024 Mahakama ya Juu ya Marekani, majaji wote tisa, ilisema kwamba ada haiponi kupimwa kikatiba eti kwa sababu imepitishwa na baraza kwa wote. Vipimo viwili vya zamani, vya kesi za 1987 na 1994, ni kwamba pawepo uhusiano wa kweli kati ya unachodaiwa na madhara unayoleta, na kiasi kilingane nayo takriban. Mahakama haikusema ada ya Sheetz ni haramu. Ilirudisha kesi California. Na ikaacha wazi kama ada inayopangwa kwa kundi zima inahitaji kupimwa kwa kila kiwanja. Kwa hiyo msije mkaniambia "washtaki utashinda". Mwanasheria niliyemuuliza, malipo yake ya kuanzia tu yanamaliza akiba iliyobaki.

Nilichobaki nacho ni hiki: sheria ya jimbo inaniruhusu kulipa huku nikipinga kwa maandishi, ndani ya siku 90 tangu nilipodaiwa, halafu nina siku 180 za kufungua kesi tangu mji uliponipa notisi ya ada hiyo. Yaani nitoe kwanza, au nithibitishe kwamba nitalipa, dola 38,600 nisizokuwa nazo, ndipo nianze kulalamika kisheria. Mke wangu ananiambia tuuze gari lake. Nimekataa. Majiko yapo gereji kwetu, bado yamefungwa nailoni, na kodi ya fremu nalipa kila tarehe mosi.

NYONGEZA, saa tano usiku: 

Nimesoma majibu yenu. Mkuu uliyeuliza kama ni ubaguzi, sitasema nisichokuwa na ushahidi nacho. Kijana wa Kizungu aliyetaka kufungua duka la baiskeli na kahawa mtaa wa pili amepewa karatasi ileile, naye amesharudisha funguo. Duka la baiskeli, wakuu, nalo limehesabiwa magari.

Dada uliyesema nihamie mji wa jirani, mkataba wa fremu ni miaka mitano na nimeusaini.

Uliyeshauri nimwone diwani mmoja mmoja, nimefanya hivyo leo. Mmoja amenipokea kahawani. Aliniambia kwa mdomo wake kwamba hakujua kipengele cha tisa kina habari ya majengo matupu, alidhani ni kusahihisha maneno. Ameahidi kuomba kanuni irudi kwenye ajenda, safari hii peke yake, nje ya konsenti. Anahitaji mwenzake wa pili kumuunga mkono. Nimemwambia nitakuwepo.

Kikao ni Jumanne saa 12 jioni. Bibi mwenye fremu anakuja, kijana wa baiskeli anakuja, wenye fremu sita wanakuja, na manesi wawili wamesema watapita wakitoka zamu. Kama uko karibu nitumie ujumbe nikupe anwani, huna haja ya kuongea, jaza kiti tu.

Na kama kuna mtu humu aliyewahi kuandika ile barua ya kulipa huku ukipinga, naomba maneno uliyotumia. Siku 90 zangu zinaisha mwezi ujao.