Mashine za zamani, menejimenti wanataka kiwanda kiwe cha dijitali, tuanzie wapi?

mtu_wa_shifti: Wadau naombeni ushauri. Kiwandani kwetu tunatengeneza vifungashio vya plastiki, mashine nyingi za miaka ya 90, zinadunda ila zikizima hakuna rekodi ya maana, daftari la shifti wengine hawajazi kabisa. Sasa wakubwa wanataka kununua ERP kubwa (programu ya kuendesha shughuli za kampuni nzima) iunganishe kila kitu kwa mpigo, mi naona tunaanza kuezeka kabla ya msingi. Mliopitia hili mlianzaje?

fundi_mota: Uko sahihi mkuu. ERP inashughulika na stoo, oda na hela, haikwambii mota inachemka. Anzeni na mashine moja, ile inayowasumbua kuliko zote. Kama ina PLC (kile kikompyuta kinachoiendesha mashine) icheki poti ya serial, ile ya kutolea data, Modbus (lugha ya vifaa vya kiwandani kupeana data) ipo tangu 1979 na mpaka leo vifaa vipya vinaielewa. Kama haina kitu, funga sensa ya mkondo wa umeme kwenye waya wa mota, ile ya kubana tu hukati waya, utajua imefanya kazi saa ngapi na imesimama saa ngapi. Beringi nayo iwekee sensa ya mtetemo, ikianza kuchoka mtetemo unabadilika mapema sana kabla haijakwama.

mtu_wa_shifti: Hiyo ya kubana nimeipenda. Shida maopereta washaanza kusema tunawafungia kitu cha kuwachunga.

dada_data: Hilo lichukulieni siriasi kuliko hata sensa zenyewe! Waiteni kabla hamjafunga chochote. Sensa itasema mashine imesimama dakika 40, haitasema malighafi zilichelewa au moldi ilikuwa inabadilishwa, hayo anayajua opereta. Wekeni skrini palepale mashineni abonyeze sababu mwenyewe. Na siku mtakapotumia hizo namba kumkata mtu mshahara, ndo mwisho wa kupata data za kweli.

linda_netiweki: Naongezea, mashine zisikae netiweki moja na kompyuta za ofisini. Norsk Hydro, kampuni ya aluminiamu ya Norway, 2019 waliingiliwa na virusi vya kufunga mafaili na kudai hela, baadhi ya viwanda vikarudi kuendeshwa kwa mkono. Hawakulipa, walikuwa na bakapu. Kwa hiyo programu za PLC zitunzeni kopi nje ya netiweki, na fundi wa nje akimaliza kazi yake ya rimoti fungeni njia yake hapohapo.