Ushauri: Naingiza sauti ya Kiswahili kwenye The Longest Day, nimekwama sehemu moja

Mtafsiri wa Kanda (mleta uzi):
Wakuu, salaam. Kazi yangu ni kuingiza sauti ya Kiswahili kwenye filamu za nje, zile ambazo wengi wenu mmezitazama katika mabanda ya video. Safari hii nimeletewa The Longest Day ya mwaka 1962, inayosimulia siku ya tarehe 6 Juni 1944, Waingereza, Wamarekani, Wakanada na washirika wao walipovuka bahari na kushuka Normandy, kaskazini mwa Ufaransa. Ni filamu ya karibu saa tatu, haina rangi, Wajerumani wanazungumza Kijerumani na Wafaransa Kifaransa. Naomba kujua: je, mtafsiri anaruhusiwa kuongeza maneno yake mahali ambapo waigizaji wako kimya? Kazi inatakiwa wiki ijayo na usingizi umenipaa.

Mpenda Sinema:
Mkuu, mimi ningeanza na hizo lugha. Darryl Zanuck, aliyeitengeneza, alitaka kila taifa lizungumze lugha yake, kwa hiyo usiwafunike majenerali wa Kijerumani moja kwa moja. Waache wasikike kidogo ndipo uingie. Mtazame pia Richard Todd anayeigiza kama Meja John Howard, Mwingereza aliyeongoza kuteka daraja usiku ule. Todd mwenyewe aliruka kwa mwavuli Normandy usiku ule, katika kikosi kilichotumwa kumwongezea nguvu huyo huyo Howard darajani. John Wayne, kwa upande wake, alikuwa na miaka zaidi ya hamsini akimwigiza Kanali Vandervoort, ambaye siku ile hakuwa amefikisha thelathini. Huyo msaidie kwa sauti ya kijana.

Bi Mkubwa wa Tanga:
Mwanangu, hujatuambia ni maneno gani unayotaka kuongeza, wala ni nani aliyekuagiza. Usingizi haumpai mtu kwa jambo la kiufundi tu.

Mtafsiri wa Kanda:
Shikamoo mama. Kazi ni ya familia moja itakayokutana kumkumbuka babu yao, marehemu, aliyekuwa askari wa Keya (KAR, jeshi la Waingereza la Waafrika wa Afrika Mashariki). Wanaamini kwamba alipigana Normandy na wameomba atajwe. Kuna mahali makomando wanakimbia kando ya mfereji katika mji wa Ouistreham. Picha imepigwa kutoka angani bila kukatwa, inapita juu ya mapaa, na nyuso hazionekani. Hapo nimesema kwamba miongoni mwao wamo vijana wa Afrika Mashariki. Sauti nimekwisha kuirekodi, imekaa vizuri, na malipo ya awali nimepokea. Isitoshe, weusi walikuwepo siku ile: Batalioni ya 320 ya Wamarekani weusi, waliorusha maputo ya kuzuia ndege za adui, ilishuka kwenye fukwe za Omaha na Utah, na filamu haikuwapa nafasi. Kwa nini nisiwape nafasi watu wetu?

Mwalimu wa Historia:
Kwa sababu nafasi hiyo ina wenyewe. Wanaokimbia pale Ouistreham ni makomando wa Kifaransa wa Philippe Kieffer, watu 177 waliokuwa wanarudi kuikomboa nchi yao wakiwa na silaha mkononi. Keya ilikuwa kwingine kabisa. Mwaka 1942 ilipigana Madagascar, kisha ikapelekwa Burma (Myanmar ya leo) kupambana na Wajapani. Divisheni ya 11 ya Afrika Mashariki iliteremka bonde la Kabaw wakati wa masika makali ya 1944, barabara zikiwa tope tupu, na mwezi Desemba ikaingia Kalewa, kando ya mto Chindwin. Je, familia haina nishani yoyote? Nyota walizopewa askari wa vita ile zimeandikwa mahali walipopigana.

Mtafsiri wa Kanda:
Nyota ipo, niliiona waliponiletea picha zake. Imeandikwa Burma. Lakini naomba mnielewe, wakuu. Wajukuu wake wamekua wakiona Normandy kwenye kila filamu ya vita, na Burma hawajawahi kuiona. Sijawahi kuletewa filamu kubwa inayowaonesha askari wa Keya katika msitu ule. Nikiwanyima Normandy, nitawaachia nini cha kutazama?

Mjukuu wa Askari:
Babu yangu naye alikuwa Burma. Mvua ikinyesha usiku alikuwa akiamka kukung'uta viatu vyake, akitafuta ruba, miaka mingi baada ya kurudi nyumbani. Alikuwa na rafiki waliyeagana Mombasa Februari 1944, aliyepanda meli ya Khedive Ismail kuelekea Ceylon (Sri Lanka ya leo). Manowari ya Kijapani iliizamisha tarehe 12, na watu zaidi ya 1,200 walikufa, wakiwemo wapiga mizinga wa Afrika Mashariki. Jina la meli hiyo babu hakulitaja mbele ya wageni.

Sauti ya Haki:
Kupokea fedha za wafiwa na kuwapa simulizi unayojua si ya kweli ni dhuluma, hata kama wameiomba wenyewe.

Mkaguzi:
Hii ni chai. Mtafsiri gani anachukua filamu ya saa tatu isiyo na rangi kwa ajili ya familia moja, na gharama hizo anazirudishaje? Tunatungiwa kisa ili tubishane.

Mtafsiri wa Kanda:
Mkuu, kama ni chai, nisaidie basi sehemu ya Sainte-Mère-Église, ambako mwavuli wa askari wa Kimarekani, John Steele, umenasa kwenye mnara wa kanisa naye ananing'inia akiwatazama wenzake wakiuawa uwanjani. Kengele zinalia mfululizo. Nikipandisha sauti yangu kuzishinda, milio ya bunduki inapotea, nikiishusha, sisikiki. Nimeirekodi upya mara nyingi.

Mpenda Sinema:
Mkaguzi, huyu ameikalia filamu yenyewe. Mkuu, hapo usiseme chochote. Zile kengele ndizo zilizomziba Steele masikio, acha mtazamaji naye azisikie.

Mwalimu wa Historia:
Nami nina pendekezo. Tengeneza utangulizi wa dakika chache kabla ya filamu kuanza: nyota yake ionekane kwa karibu, kisha picha za askari wa Afrika Mashariki zilizopigwa Kalewa, ambazo zimehifadhiwa katika Imperial War Museum mjini London, na sauti yako isimulie bonde la Kabaw. Ukimaliza, waambie wajukuu kwamba wakati dunia inaitazama Normandy, babu yao alikuwa upande wa pili wa vita hiyo hiyo. Watatazama saa tatu zote wakijua alikuwa wapi.

Mtafsiri wa Kanda:
Utangulizi nimeupenda, na leo jioni nitampigia binti yake mkubwa, maana ndiye aliyeniagiza. Sauti ya Ouistreham bado sijaifuta. Nataka kwanza nimsikie yeye atasema nini.

Bi Mkubwa wa Tanga:
Ukimpigia, mwanangu, anza na nyota. Muulize kama anajua kilichoandikwa pale.