Malalamiko: Maduka ya Nairobi yaache kutuuzia bodi za H610 na A520 kama bodi za kupandishia kasi ya prosesa

Wanajukwaa, hamjambo. Naandika nikiwa na hasira wala sitaificha, kwa sababu jambo hili limekuwa desturi katika maduka ya kompyuta ya Luthuli, Moi Avenue na Tom Mboya, kiasi kwamba ukilalamika wewe ndiwe unayeonekana mkorofi. Mteja anaeleza waziwazi kwamba anataka ubao mama (bodi kuu inayounganisha sehemu zote za kompyuta) wa kupandishia kasi ya prosesa, ile chipu inayofanya hesabu zote, yaani ovakloki. Anauziwa prosesa ya bei ghali yenye herufi K mwishoni mwa jina, kisha prosesa hiyo inapachikwa juu ya bodi ambayo haijawahi kuwa na uwezo wa kazi hiyo tangu ilipotoka kiwandani.

Kisa changu ni hiki. Niliagiza kompyuta kutoka duka moja la katikati ya jiji, na ombi langu nililiandika kwenye WhatsApp kwa maneno yasiyo na utata: prosesa ya Core i5-12600K, pamoja na bodi itakayoniruhusu kuinua kizidishi cha prosesa hiyo, yaani namba inayoamua kasi yake. Jibu nililopewa bado ninalo: "Ndiyo bosi, hii bodi ni ya gemu, inapandisha bila shida." Nikalipa kwa M-Pesa. Kompyuta ikaletwa ikiwa imeshaungwa, na feni zake za taa za rangi zikimetameta. Nilipoingia kwenye BIOS, yaani programu ya mipangilio ya bodi, kutafuta mahali pa kuandika kizidishi cha viini vya prosesa, mahali hapo hapakuwapo, na juu ya skrini jina la bodi lilikuwa na herufi na tarakimu H610. Nikafungua ubavu wa kasha. Nikaona nafasi mbili tu za RAM, na kando ya soketi (tundu la prosesa), pale ambapo bodi ya maana huwa na mabamba mazito ya alumini ya kupozea, mosifeti, yaani swichi ndogo zinazopitisha umeme wa prosesa, zilikuwa zimekaa wazi kabisa, hata kipande kimoja cha chuma hakikuwa kimezifunika. Nilipopiga simu dukani niliulizwa: "Bosi, si imewaka? Sasa shida iko wapi?"

Acheni nieleze shida iko wapi, ili muuzaji mwingine asimwambie mwanajukwaa maneno hayo akakosa la kujibu.

Kasi ya prosesa hupatikana kwa kuzidisha mpigo wa msingi, ambao kwa kawaida ni megahezi 100, kwa namba inayoitwa kizidishi. i5-12600K, iliyotoka Novemba 2021, hufika gigahezi 4.9 kwa sababu kizidishi chake hupanda mpaka 49. Herufi K maana yake ni kwamba Intel, kampuni iliyoitengeneza, haijakifunga kizidishi hicho, na kufunguliwa huko ni sehemu ya bei anayolipa mteja. Lakini Intel imeweka mlango wa pili, nao uko kwenye chipseti ya ubao mama, yaani chipu inayoamua bodi inaruhusu nini. Katika soketi ya LGA1700, inayopokea prosesa za kizazi cha 12, cha 13 na cha 14, chipseti za kawaida zinazoruhusu kuinua kizidishi ni Z690 na Z790. B660, B760, H670 na H770 zinakuruhusu kupandisha kasi ya RAM, lakini si ya prosesa. H610 hairuhusu hata ya RAM. Prosesa ya K ukiiweka kwenye H610 itawaka, itafika kasi yake ya kiwandani ikiwa bodi inaweza kuilisha, na hapo ndipo mwisho wake. Kwa hiyo boksi likisema kwamba bodi "inakubali prosesa za kizazi cha 12" linasema kweli, na muuzaji anajificha nyuma ya ukweli huo kuuza uongo mwingine.

Utaratibu huu si wa jana. Kwa LGA1200, ya vizazi vya 10 na 11, bodi zilizohitajika ni Z490 na Z590, na kwa LGA1851 ya Core Ultra za mfululizo wa 200 ni Z890. Ni herufi moja tu ya kukumbuka, Z, kwa hiyo sikubali kwamba mtu anayeuza bodi kila siku hajui.

Baada ya hapo nikaambiwa nilete kompyuta "wasasishe BIOS, itafunguka". Huu nao ni uongo. Ni kweli kwamba mwaka 2022 zilikuwapo bodi chache za B660 zilizokuwa na chipu yao wenyewe ya kuzalisha mpigo, na kwa BIOS za mwanzo mtu aliweza kuinua mpigo wa msingi wenyewe badala ya kizidishi. Hizo zilikuwa bodi mahususi na zilijulikana kwa majina. H610 ya bei ya chini isiyo na chipu hiyo haifunguliwi na faili lolote, na fundi anayekutoza pesa ili ajaribu anakuibia mara ya pili.

Upande wa AMD, kampuni inayoshindana na Intel, wateja hudanganywa kwa njia tofauti kidogo. Prosesa nyingi za Ryzen huja kizidishi kikiwa wazi hata kama jina halina herufi yoyote mwishoni, kwa hiyo mteja hudhani bodi yoyote itafaa. Haifai. Kwenye soketi ya AM4, chipseti za A320 na A520 zimefungwa, ilhali B350, B450, B550 pamoja na X370, X470 na X570 ziko wazi. Kwenye soketi ya AM5, A620 imefungwa, na ukipanda mpaka B650 au X670 unaruhusiwa. Nimeona kwa macho yangu A520 ikiwa imepangwa rafu moja na B550, zote zimebandikwa karatasi ya "gemu", zikitofautiana bei tu. Na ieleweke pia kwamba Ryzen 7 5800X3D imefungwa kizidishi na AMD wenyewe, hivyo anayekuuzia X570 ya bei ghali kwa ahadi kwamba utaipandisha prosesa hiyo amekudanganya vilevile.

Sasa nije kwenye jambo linaloniudhi kuliko yote, kwa sababu hata muuzaji anayejua chipseti hulipuuza. Chipseti inakupa ruhusa tu. Kinachokupa uwezo ni saketi ya kudhibiti umeme wa prosesa, ile inayoitwa VRM. Pawasaplai hutoa volti 12. Prosesa inataka takribani volti 1.2 au 1.3, lakini kwa mkondo mkubwa sana. i5-12600K imeruhusiwa kula mpaka wati 150 ikiwa kwenye kasi ya juu, na wati 150 kwa volti 1.25 ni ampea 120. Hebu zifikirie ampea 120 zikipita katika vipande vidogo vya silikoni vilivyokaa uchi kando ya soketi! Na hapo bado hujaongeza chochote. Ukitaka kasi zaidi utalazimika kuongeza volteji, na matumizi ya umeme hukua kwa mraba wa volteji: ukiongeza asilimia 10, mzigo unapanda kwa takribani asilimia 21 kabla hata ya kuhesabu ile kasi uliyoongeza.

Hayo niliyaona kwenye kompyuta yangu. Nilianza kuchakata video ndefu, na baada ya dakika chache kasi ikaanza kushuka mpaka chini ya gigahezi 3.7, ambayo ndiyo kasi ya msingi ya viini vikubwa, ilhali joto la prosesa yenyewe lilikuwa bado chini ya nyuzi 70 na kikomo chake ni nyuzi 100. Programu ya kupima ilionyesha wazi kwamba prosesa ilikuwa ikibanwa na bodi. VRM ilikuwa imechemka na ilikuwa ikijiokoa. Kwa maneno mengine, nilinyimwa kasi ya ziada niliyoahidiwa, na hata ile ya kiwandani niliyoilipia sikuipata. Prosesa ya bei nafuu isiyo na K ingenifanyia kazi ileile.

Kwa sababu hiyo msiridhike kuona herufi Z pekee. Zipo bodi za Z zilizobanwa bei mpaka VRM yake haiaminiki, na kwangu mimi B660 yenye VRM imara na prosesa isiyo na K ni ununuzi wa busara kuliko Z690 dhaifu yenye prosesa ya K. Kabla ya kulipa, omba uonyeshwe mabamba ya kupozea, na uyaguse: yawe mazito na yawe yamefungwa kwa skrubu. Uliza mosifeti zimepimwa kwa ampea ngapi kila moja, kwani kuna bodi za ampea 50 na kuna za ampea 90. Usibabaishwe na idadi ya fezi (njia za umeme ndani ya VRM) iliyoandikwa kwenye boksi, maana kampuni nyingi huweka vipande viwili sambamba kwenye fezi moja kisha huvihesabu kama fezi mbili. Angalia pia umeme wa prosesa unaingilia wapi. Bodi iliyopewa pini 4 tu haikutengenezwa kwa kazi hii. Kitufe cha kuandika BIOS upya kwa flashi bila kuwasha prosesa nacho ni cha thamani kubwa kwa anayejaribu mipangilio mikali.

Kuna jambo jingine la BIOS ambalo maduka yanalinyamazia kabisa. Mwaka 2024 Intel ilikiri kwamba prosesa zake za kompyuta za mezani za kizazi cha 13 na cha 14, zile za wati 65 na kuendelea, zilikuwa zikiharibika kutokana na volteji kupita kiasi, ikatoa marekebisho ya 0x129 mwezi Agosti na 0x12B mwezi Septemba, ambayo humfikia mtumiaji kupitia BIOS ya ubao mama. Prosesa iliyokwisha kudhurika hairudi kuwa nzima. Hata hivyo bodi zilizotengenezwa kabla ya hapo bado zinauzwa na BIOS zake za zamani, mteja anaungiwa i7 au i9 juu yake, na hakuna anayemwambia asasishe kwanza. Intel iliongeza dhamana kwa miaka miwili kwa prosesa za boksi zilizohusika, lakini hapa mjini nyingi zinauzwa zikiwa kwenye trei bila boksi, na za trei Intel hukurejesha kwa aliyekuuzia. Aliyekuuzia naye amebandika karatasi ukutani kwamba bidhaa ikishauzwa hairudishwi.

Karatasi hiyo haiko juu ya Katiba. Kifungu cha 46 cha Katiba ya 2010 kinampa mteja haki ya bidhaa zenye ubora unaofaa, na haki ya kupata habari anazohitaji ili anufaike kikamilifu na bidhaa hizo. Sheria ya Kumlinda Mtumiaji ya mwaka 2012 nayo inakataza maelezo ya uongo na ya kupotosha kuhusu bidhaa. Muuzaji akikuandikia "inapandisha" ilhali bodi imefungwa, ushahidi uko kwenye simu yako, na Mahakama ya Madai Madogo pale Milimani husikiliza madai yasiyozidi shilingi milioni moja.

Ninachodai ni kidogo. Kotesheni na risiti ziandike jina kamili la modeli ya bodi pamoja na chipseti yake, badala ya "bodi ya gemu, kizazi cha 12". Muuzaji akiulizwa kama bodi inapandisha kasi ya prosesa na hajui, aseme hajui. Na aliyeniuzia anirudishie pesa ya bodi au anibadilishie kwa Z690 nami nilipe tofauti ya bei, jambo ambalo nimeshamwandikia na bado hajajibu.

Kama kuna mwanajukwaa ambaye amepandisha 12600K hapa Nairobi na ikakaa imara chini ya mzigo mrefu, naomba ataje jina kamili la bodi, volteji aliyotumia, joto la VRM na bei aliyolipa. Na kama kuna aliyewahi kupeleka duka la kompyuta kwenye Mahakama ya Madai Madogo kwa kesi ya aina hii, tafadhali aeleze alianzia wapi na alihitajika kubeba karatasi gani.