Naomba ushauri: njia ya msituni inazidi kupanuka na udongo unaondoka

Wakuu, habari zenu. Kuna msitu mdogo jirani ambao wengi wetu hupenda kutembea jioni, nami naupenda mno. Shida ni njia. Mvua ikinyesha watu hukwepa tope kwa kupita pembeni, na kwenye mteremko mizizi ya miti imeshabaki nje. Udongo ulioshindiliwa haunywi maji. Yanatiririka juu na kuondoka na tabaka lenye rutuba, ambalo sentimita 1 tu yaweza kuchukua mamia ya miaka kujengeka.

Sitaki watu wazuiwe kuingia. Je, tuchimbe mifereji ya mshazari ya kutoa maji njiani, au tutandaze vipande vya mbao? Na pale palipokanyagwa, tupande nyasi au tupaache paote penyewe? Aliyewahi kufanya kazi hii anielekeze, tafadhali.