Tupeane uzoefu: kuonja na kuzipa alama bia za viwanda vidogo na mvinyo wa bei nafuu nyumbani

Mwanzisha mada, Chumbageni

Hapa mtaani kwetu Tanga tumezoea kukutana majirani wachache mwisho wa wiki, kila mmoja na chupa yake, ili tuonje kwa kituo na kuandika alama. Bajeti ni ya kawaida: mvinyo usiozidi shilingi 20,000, pamoja na bia za viwanda vidogo ambazo huletwa na yeyote anayetoka Dar es Salaam. Kanuni yetu kubwa ni moja, nayo ndiyo iliyonifanya nianzishe mada hii, kwamba chupa lazima zifunikwe. Mke wangu, ambaye hanywi, huzivika mifuko ya kaki, huandika namba juu yake, kisha humimina kidogo kidogo jikoni wakati sisi tuko barazani. Tangu tuufuate utaratibu huo, siamini tena alama iliyotolewa na mtu anayeitazama lebo. Mvinyo mwekundu wa Dodoma, ambao wageni wetu huupa alama za huruma wanapouona, ukifunikwa hushindana bila aibu na ule wa Afrika Kusini unaouzwa kwa bei ya juu zaidi.

Jambo hilo limewahi kuwaumbua wakubwa. Tarehe 24 Mei 1976 mfanyabiashara Mwingereza, Steven Spurrier, aliwakutanisha waonjaji mashuhuri wa Kifaransa jijini Paris, wakaonja bila kujua kilichomo kwenye glasi, na mvinyo wa California ukashika nafasi ya kwanza kwa mweupe na kwa mwekundu, mbele ya majina makubwa ya Ufaransa. Katika utafiti uliochapishwa mwaka 2001, wanafunzi 54 wa masuala ya mvinyo mjini Bordeaux walipewa mvinyo mweupe uliotiwa rangi nyekundu isiyo na harufu, nao wakaueleza kwa maneno ya mvinyo mwekundu. Ikiwa rangi peke yake inaweza kumpoteza msomi wa Bordeaux, sembuse lebo yenye dhahabu na picha ya kasri.

Naomba kila mwenye uzoefu aeleze alionja nini, alikihifadhi vipi na alitoaje alama.

Mchangiaji wa Ngamiani

Mimi naona mnahangaika na lebo kabla ya kuuliza chupa imelala wapi. Bia huharibiwa na mwanga na joto, na Tanga yetu ina vyote viwili kwa wingi. Kuna duka moja, silitaji, ambalo hupanga kreti mlangoni jua likizipiga tangu asubuhi, na bia ya chupa ya kijani niliyoinunua hapo ilikuwa na harufu kali isiyo ya kawaida, ilhali ile ya chupa ya kahawia kutoka kreti ya jirani haikuwa na tatizo. Sababu inajulikana: mwanga huvunja viambato vya uchungu vinavyotokana na maua ya hopsi, kisha vinaungana na salfa na kutoa harufu ile mbaya. Kioo cha kahawia huzuia sehemu kubwa ya mwanga huo, cha kijani huzuia kidogo, na cheupe karibu hakizuii kitu.

Kwa bia za viwanda vidogo tahadhari ni kubwa zaidi, kwa kuwa nyingi hazichujwi wala kupashwa moto kama zile za viwanda vikubwa. Boksi likikaa kwenye buti la basi kutoka Dar es Salaam mchana kutwa, ile harufu ya maua na maganda ya machungwa, ambayo ndiyo uliyoilipia, huanza kufifia. Mimi humwomba anayeniletea apande basi la alfajiri, na zikifika huziacha zimesimama kwenye friji hadi kesho yake ili chachu itulie chini.

Tena tazameni glasi zenu. Ukimimina bia ukaona vipovu vimeganda ukutani mwa glasi badala ya kupanda juu, hiyo glasi ina mafuta au mabaki ya sabuni, na povu litakufa kabla hujalinusa. Suuza kwa maji mengi, iache ikauke yenyewe, usiifute kwa kitambaa kilichopangusa masufuria.

Mchangiaji wa Raskazone

Kwa upande wa mvinyo, ushauri unaotupotosha kuliko wote ni ule wa kunywa mwekundu katika joto la chumba. Walioutoa walikuwa na vyumba vya nyuzi 16 au 18, na sebule yangu mwezi wa Februari huvuka 30. Katika joto hilo kilevi hupanda puani, utamu unazidi, na mvinyo mzuri unaonja kama jamu iliyoyeyushwa. Mimi huuweka mwekundu kwenye friji kwa muda wa nusu saa hivi kabla ya kufungua, na nimeona chupa ileile ikipanda kutoka alama za chini hadi za kati kwa hilo tu. Mweupe nao huutoa kwenye friji mapema kidogo, kwa sababu baridi kali huficha harufu, na hata kasoro.

Ninaoupenda kwa bei yake ni mweupe mkavu, yaani usio na utamu, wa zabibu ya Chenin Blanc, uwe wa Dodoma au wa Afrika Kusini, kwa sababu ukali wake wa limau unakwenda vizuri na changu wa kuchoma niliyemnunua soko la samaki la Deep Sea. Pinotage, zabibu iliyozalishwa Stellenbosch mwaka 1925 kwa kuchanganya Pinot Noir na Cinsaut, naiweka kwa nyama choma. Pilipili nyingi iondoeni mezani wakati wa kutoa alama, maana kilevi na gesi huuchochea muwasho wake hadi ulimi usitambue kingine. Korosho za chumvi nazo zisubiri, kwa kuwa chumvi hupunguza uchungu na kuipendelea bia isiyostahili. Mkate mkavu na maji vinatosha.

Mchangiaji wa Pangani

Ndugu zangu mnasafirisha bia kwa basi, na juu ya vichwa vyenu kuna minazi. Tembo la mnazi ni kinywaji cha kiwanda kidogo kuliko vyote: mgema mmoja, kisu na kibuyu. Hupanda asubuhi na jioni, hukata upya ncha ya karara, na utomvu unaodondoka huanza kuchachuka humohumo kwa chachu ya hewani, bila mtu kutia chochote. Tembo la asubuhi ni tamu na lina harufu nyepesi ya nazi changa, la alasiri limekaza na linachoma kooni, na la kesho yake linaelekea siki. Kwa hiyo mimi huandika saa pembeni ya alama, kwani tembo lisiloandikwa saa haliwezi kulinganishwa na lolote. Na mgema nisimsifu mbele yake. Mnajua wenyewe maji yanakoingia.

Mchangiaji wa Makorora

Napingana kidogo na mwanzisha mada. Kufunika jina ni sawa, lakini kufunika aina ni kuionea bia. Mtu aliyezoea Kilimanjaro au Safari akipewa bia nyeusi ya shayiri iliyokaangwa bila kuambiwa, ataandika kwamba imeungua. Bia ya ngano ya Kijerumani inatakiwa inukie ndizi mbivu na karafuu, harufu zinazotokana na chachu yake, na nimemwona mtu akiinyima alama kwa kudhani imeharibika. Waamuzi wa BJCP, mpango wa Marekani wa kuthibitisha waamuzi wa bia, huambiwa aina kabla ya kuonja, kisha hugawa alama 50: harufu 12, mwonekano 3, ladha 20, uzito mdomoni 5 na maoni ya jumla 10. Angalieni mwonekano ulivyopewa kidogo, halafu mkumbuke ni mara ngapi tunaisifia bia kwa rangi yake.

Mwanzisha mada, Chumbageni

Hoja ya Makorora nimeikubali, na Jumamosi ijayo mifuko itaandikwa aina pamoja na namba, kisha tutatumia mgawanyo huo wa alama 50 kwa bia peke yake, huku mvinyo ukibaki na alama zetu 20. Ndugu wa Pangani, tembo lako nalo litapewa namba ukilileta, ila ufike kabla ya saa tano asubuhi na uje na glasi zako, kwa maana zangu zinasuuzwa upya kufuatana na maelekezo ya Ngamiani.