Wiki mbili Ulaya, miji minane: mimi na mume wangu tutaweza?

MamaVitenge_Kkoo

Habari za humu jamani. Nina duka la vitenge Kariakoo, mume wangu anafundisha sekondari. Mwezi wa sita mwakani, Mungu akipenda, tunataka kwenda Ulaya, mara ya kwanza kwa wote wawili. Mimi angalau nimeshafuata mzigo Guangzhou. Yeye maji makubwa aliyovuka ni ya Zanzibar, kwa boti, na alitapika njia nzima (asione nimeandika hapa).

Tuna usiku 14. Orodha imefikia hapa: London, Amsterdam, Brussels, Paris, Berlin, Prague, Venice, Roma. London ni ya kwake, mtu wa Arsenal huyo, hasikii la mtu. Mimi nataka Uholanzi kwa sababu vitenge vya waksi ambavyo wateja wangu wakubwa wanaviulizia kwa jina vinatoka kule, kiwanda cha Vlisco kiko mji unaitwa Helmond tangu 1846. Hata nikisimama nje tu nipige picha. Hiyo miji mingine tumeiokota mitandaoni, kila mmoja anaongeza wake.

Naomba msaada. Tukishafika kule tuzunguke kwa ndege au kwa treni? Viza naombea ubalozi gani kama nchi ni nyingi? Na hela yangu nyingi inapita kwenye lipa namba na mkononi, benki nalaza kidogo tu, watanielewa kweli? Halafu sisi Waislamu, chakula itakuwaje? Watoto watabaki kwa bibi yao Tanga. Msinicheke.

KijanaWaSinza

Ndege tu mama. Kule kuna mashirika ya bei chee, ukiwahi, Paris–Roma unaipata hata kwa euro 30. Miji minane wiki mbili mbona inawezekana, washkaji wanapiga kumi. Mnalala kwenye basi la usiku, hela ya hoteli mnaokoa.

Mzee wa Mataruma

Mwanangu, huyo wa Sinza bado ana mgongo wa ujana, usimfuate.

Nimefanya kazi reli mpaka nikastaafu, upande wa ratiba, na sasa binti yangu ni muuguzi Ujerumani, kwa hiyo huko huwa naenda. Ninachokuambia ni hiki: usihesabu miji, hesabu kuhama. Kila mnapohama nusu siku imekwenda, hata safari yenyewe iwe fupi. Asubuhi mnafungasha, chumba mnakirudisha kabla ya saa sita, chumba kipya hampewi mpaka saa tisa alasiri, na katikati hapo mnaburuta mabegi kwenye mawe ya barabarani huku mmoja anatafuta choo, na choo chenyewe cha kulipia. Miji minane ni kuhama mara saba. Toa siku ya kufika mkiwa na usingizi, toa ya kuondoka, toa hizo nusu saba, halafu niambie mmebakiwa na nini.

Na hiyo ndege ya euro 30 ni ya mtu mwenye kabegi ka chini ya kiti. Begi la kweli linalipiwa mbali. Kuna ndege zinaandikwa Paris lakini zinatua Beauvais, karibu kilomita 80 kutoka mjini. Ni sawa na kuambiwa umefika Dar, kumbe umeshushwa njia ya Chalinze. Treni inakushusha katikati ya mji. Amsterdam mpaka Paris ni mwendo wa saa tatu na ushee, na ukitoka mlango wa kituo cha Gare du Nord uko Paris tayari.

Waliozoea SGR yetu watashangaa. Kwa treni nyingi za kule hakuna wa kukagua kitambulisho mlangoni, hakuna mashine ya kupitisha mizigo, unajiendea mwenyewe mpaka jukwaani. Mtego uko kwingine. Jukwaa linaweza kubadilishwa dakika chache kabla treni haijaingia, linatangazwa kwa lugha yao, watu wote wanaondoka mbio na wewe umebaki na begi lako. Kwa hiyo mtazame ubao, msitegemee tiketi. Ujerumani pia kuna treni zinazokatwa njiani, mabehewa ya mbele yanakwenda huku na ya nyuma kule. Pandeni behewa lenu, sio lolote mlilolikuta mlango wazi. Treni ikichelewa kuanzia saa moja, sheria ya Umoja wa Ulaya inawapa haki ya kurudishiwa robo ya nauli, na kuanzia saa mbili nusu yake. Tunzeni tiketi.

Jingine, saa. Tiketi zinaandikwa kwa mtindo wa saa 24. 06:12 ni saa kumi na mbili na dakika kumi na mbili asubuhi. 18:12 ni hiyo hiyo, ila jioni. Chukua kalamu, pembeni ya kila tiketi andika saa yetu pamoja na asubuhi au jioni. Tiketi za bei ya chini mara nyingi hazibadilishwi, ukiachwa umeachwa.

Ningekuwa mimi, ningechukua mitatu: Amsterdam, Berlin, Paris. Ingieni Amsterdam, mtokee Paris, msirudi nyuma kufuata ndege. Wakala anaweza kuwakatia hivyo kwa tiketi moja, kuingilia mji huu na kutokea mwingine. Amsterdam–Berlin kuna treni ya moja kwa moja, saa sita hivi. Berlin–Paris, tangu Desemba 2024 kuna treni ya mchana isiyo na kubadilisha, kama saa nane, inapita Frankfurt na Strasbourg. Ndefu, najua. Bebeni chakula, kaeni dirishani. Roma na Venice zina safari yake peke yake, Italia ni ya wiki nzima. Prague haina ubaya, ila haikimbii.

TiketiPosta

Mimi nakata tiketi hapa Posta na watu wa viza nashinda nao, naongezea alipoishia Mzee.

London haimo Schengen, zile nchi za Ulaya zinazotumia viza moja. Ni viza nyingine, fomu nyingine, ada nyingine. Na mkienda London katikati ya safari halafu mkarudi Paris, mtakuwa mmetoka Schengen na mnataka kuingia tena. Kama viza ni ya kuingia mara moja, mmekwama. Mwambie mwalimu taratibu: ligi ya Uingereza inaisha Mei na inaanza Agosti. Mwezi wa sita atakwenda kuangalia nyasi.

Schengen ni nchi 29 kwa viza moja. Unaombea nchi mtakayolala usiku mwingi kuliko nyingine. Usiku ukilingana, ile mtakayoingia kwanza. Ndiyo maana ratiba inatangulia, viza inafuata. Ada ni euro 90 kwa mtu mzima, na ukinyimwa hairudi. Ombi linapokelewa kuanzia miezi sita kabla ya safari, mwisho siku 15 kabla. Jibu ni ndani ya siku 15, wakitaka kuchunguza zaidi linafika 45. Kwa safari ya Juni, msisubiri Mei kutafuta miadi. Bima ya safari kinga yake isipungue euro 30,000, ifunike nchi zote za Schengen na siku zote za safari. Pasi iwe na uhai wa angalau miezi mitatu baada ya siku ya kutoka kule, na kurasa mbili tupu.

Sasa hela, maana hapa ndipo watu wa Kariakoo wengi wanapoangukia. Afisa halioni duka lako, anaona karatasi. Anza wiki hii kupeleka mauzo benki, yaende kama yanavyoingia, leo laki tatu, kesho kutwa laki mbili, ukitoa ya mzigo utoe, sio dhambi. Akaunti inayopumua inaaminika. Usije ukakopa milioni kumi kwa shoga yako ukazitupia humo siku tatu kabla ya kuchapisha taarifa ya benki. Huo mchezo wanaujua. Ya lipa namba omba taarifa ya miamala kwa mtandao wako, uiambatanishe. Weka leseni ya biashara, TIN, uthibitisho wa kodi, mkataba wa fremu. Mwalimu alete barua ya mwajiri yenye tarehe ya likizo na tarehe ya kurudi kazini, na hati zake za mshahara. Cheti cha ndoa, vyeti vya kuzaliwa vya watoto. Kubaki kwa watoto Tanga ni hoja yenu nzuri, itajeni kwenye barua kwamba mna wa kuwarudia.

Kila mmoja na fomu yake na alama za vidole vyake. Zikishachukuliwa zinakaa kwenye mfumo miezi 59, kwa hiyo mkiomba tena karibuni kwa kawaida hamtoi upya. Na wewe dada, Helmond nenda kama mtalii. Ukiandika unakwenda kuangalia mzigo umeshageuza safari kuwa ya biashara, na hiyo ina nyaraka zake. Tiketi ya ndege msiilipie kabla viza haijatoka, labda iwe ya kurudishiwa hela. Nafasi iliyoshikiliwa inatosha kuombea.

MamaVitenge_Kkoo

Shikamoo Mzee wa Mataruma. Na wewe dada wa Posta, ahsante sana, leo leo nimempa kijana wa dukani hela apeleke benki, ameshangaa.

Nimemsomea mume wangu yote. Lile la nyasi amenuna mpaka Isha. Halafu amesema sawa, London basi, lakini nimuulize Mzee: Berlin kuna nini? Paris anaielewa, Amsterdam anajua ni ya vitenge vyangu. Yeye anafundisha historia, asije akakaa siku nne anaangalia ukuta uliovunjwa.

Mzee wa Mataruma

Marahaba. Mwalimu wa historia wa Tanzania anauliza Berlin kuna nini!

Aende makumbusho ya Museum für Naturkunde, barabara ya Invalidenstraße. Jumatatu wanafunga. Ukumbini pale amesimamishwa mjusi mkubwa wa kale, mifupa, zaidi ya mita 13 kwenda juu. Unaanza na kucha za miguu, unapandisha macho kwenye mbavu, shingo bado inaendelea, mpaka kofia inataka kudondoka. Huyo katoka Tendaguru, Lindi. Wajerumani walimchimbua kati ya 1909 na 1913, na aliyewasimamia wachimbaji alikuwa mtu wa kwetu, Boheti bin Amrani. Mifupa ikabebwa na wapagazi, vichwani na mabegani, kwa miguu mpaka bandari ya Lindi. Mzigo wote wa Tendaguru ulizidi tani 200. Mimi pale nilianza kupiga hesabu ya mabehewa, ndio ugonjwa wa kazi yangu, kisha nikakumbuka behewa hakukuwa na hata moja. Watoto wa shule wa Kijerumani wanakaa sakafuni wanamchora. Wa kwetu tunawaonyesha picha kitabuni.

Akitoka hapo mpande treni ya chini, U6, mshuke Afrikanische Straße. Mtaa ule una Sansibarstraße, una na Tangastraße, bibi wa watoto apigiwe picha. Mwaka 2024 kipande cha barabara moja pale kilipewa jina la Maji-Maji-Allee. Na mtaa wa Neukölln, karibu na Hermannplatz, kuna Lucy-Lameck-Straße, yule yule Lucy Lameck wetu, mwanasiasa. Mpaka 2021 barabara ile ilikuwa na jina la Wissmann, aliyetumwa kuzima vita vya Abushiri huku pwani. Mwalimu huyo wanafunzi wake watamkoma mwaka mzima.

Chakula kiko hapo hapo Neukölln, Sonnenallee, Waarabu na Waturuki wamejipanga, halali bila shida, ila ulizeni kama mnavyouliza popote. Paris nendeni Barbès na Château Rouge; mhogo, bamia, ndizi za kupika, wenyewe mtadhani mko Buguruni. Berlin maduka ya vyakula karibu yote yanafungwa Jumapili, nunueni Jumamosi. Na chupa za maji msitupe. Nyingi mnazinunua na senti 25 juu yake, mnazirudisha kwenye mashine dukani: unaisogeza chupa, inazungushwa, inamezwa, mwisho unabonyeza kitufe inakutolea karatasi, unaipeleka kwa mtunza fedha anakupa hela yako. Mke wangu alikuwa anaokota mpaka zisizo zetu, nikamzuia, ingawa hesabu yake ilikuwa sahihi.

Swala mjiandae. Mwezi wa sita Magharibi ya Amsterdam inaingia kwenye saa nne usiku, na Alfajiri nayo inakuja mkiwa hamjageuka ubavu. Muulizeni ustadhi wenu mapema habari za kupunguza na kujumuisha, msianze kubishana hotelini.

KijanaWaSinza

Mzee umeniua kwenye mgongo lakini hiyo ya mjusi sikuwa naijua. Nimeshamtafuta kwenye simu. Dah.

MamaVitenge_Kkoo

Mume wangu kachukua daftari, anaandika. Sasa hivi Berlin ni wazo lake eti.

Basi tumegawa hivi: Amsterdam usiku 4, Berlin 4, Paris 6. Siku moja ya Amsterdam nakwenda Helmond. Dada wa Posta, hapo viza ni ya Ufaransa, sio? Na kuna kitu cha kukata tiketi kabla hatujatoka?

TiketiPosta

Ufaransa, ndiyo, ingawa mnaingilia Uholanzi. Mpakani Schiphol, uwanja wa ndege wa Amsterdam, mbebe nakala za hoteli zote tatu na bima kwenye mkoba wa mkononi, sio kwenye begi kubwa. Siku hizi badala ya muhuri wanakusajili kwenye mfumo, mara ya kwanza foleni inachukua muda, kwa hiyo siku ya kufika msikate treni ya kwenda kokote.

Helmond ni treni mpaka Eindhoven, halafu kituo kidogo mbele, tenga siku nzima usibanwe. Pale Amsterdam ukipenda nyumba ya Anne Frank, yule binti wa Kiyahudi aliyejificha humo wakati wa vita vya pili vya dunia, tiketi ni za mtandaoni tu, zinatolewa kila Jumanne kwa tarehe za wiki sita mbele, na zinaisha haraka. Mnara wa Eiffel lifti zake kateni mapema pia, zinafunguliwa siku 60 kabla. Mkikosa kuna ngazi, 674 mpaka ghorofa ya pili, mwalimu ajipime. Louvre Jumanne wanafunga.

Mkishapata tarehe za likizo kwa maandishi, pitieni ofisini na pasi zote mbili tuangalie uhai wake kabla hamjalipa chochote.