Mtoto wa P5 aanze na lugha gani ya kompyuta?

MamaSwabra_Arua:
Habari zenu wote, naomba ushauri jamani. Binti yangu yuko P5 (darasa la tano), ana miaka 10, na mdogo wangu amemaliza S4 (kidato cha nne) yupo nyumbani, wote wanataka kujifunza kutengeneza programu na mimi kompyuta naijua ya kuchapa barua na hesabu za duka basi. Tuna laptopu moja ya mtumba, Windows 7, bando nanunua siku nikiwa nazo. Jirani anasema waanze na C++ ati ndiyo lugha yenyewe, zingine za kuchezea. Nyie mnaojua mnasemaje?

fundi_mbale:
Dada, C++ ni nzuri sana lakini siyo ya kuanzia miaka 10. Anasahau nukta-mkato moja tu, mashine inamtolea makosa skrini nzima, hapo hapo anaichukia. Binti mpe Scratch, programu ya kujifunzia iliyotoka chuo cha MIT kule Marekani 2007, wameitengeneza hasa kwa watoto wa miaka 8 mpaka 16. Haandiki maagizo kwa herufi, anaburuta vipande vya rangi anavipachika kimoja chini ya kingine, visivyoendana havishikani, kwa hiyo makosa ya herufi hayapo kabisa. Anaweka kipande cha kurudia mara 10, paka wa kwenye skrini anatembea, anabadilisha namba anaona tofauti saa hiyo hiyo. Toleo jipya lina Kiswahili pia. Na siyo mchezo tu, kurudia, masharti, kutunza pointi za gemu, hayo hayo ndiyo atayakuta huko mbele kwenye C++ ya jirani.

kijana_jinja:
Naunga mkono ila angalieni hiyo Windows 7, Scratch mpya ya kuinstoo inataka Windows 10. Kwa mashine ya zamani tafuta toleo la zamani, Scratch 1.4, ni nyepesi, ukishaishusha bando likiisha bado inafanya kazi. Huyo wa S4 aende Python moja kwa moja, hiyo ni lugha ya kuandika kwa herufi, lakini achukue toleo la 3.8 maana kuanzia 3.9 Windows 7 haikubaliki tena. Inakuja na IDLE ya kuandikia, halafu kuna kobe wa kuchora, alama inayotembea kwenye skrini ikiacha mstari, ukiandika forward(100) anaenda mbele, right(90) anageuka, ukirudia mara 4 umepata mraba. Kobe huyo asili yake lugha ya Logo, ya tangu 1967. Kitakachomsumbua ni nafasi mwanzoni mwa mstari, Python haisamehi hapo, azoee kuweka nafasi 4 kila mara.

mwl_kasese:
Mimi nisingewatenganisha. Laptopu ni moja, huyo mkubwa akae na binti kwenye Scratch kwanza, akielewa ahamie Python, na binti akiona kobe anachora atataka mwenyewe. Nafundisha kompyuta, wanaopewa notsi za kukariri ndio wanaoacha mapema, wanaotengeneza kigemu chao hata kikiwa kibovu wanaendelea. Muulize binti anataka kutengeneza nini.

MamaSwabra_Arua:
Asanteni sana sana. Nimemuuliza, anasema anataka kuku avuke barabara bila kugongwa na boda. Hiyo 1.4 itaweza kweli?

fundi_mbale:
Inaweza vizuri tu. Kuku anaendeshwa na mishale ya kibodi, boda inakwenda kushoto kulia bila kusimama, na kuna kipande cha kuuliza kama kuku ameigusa. Aanze na kuku atembee kwanza, boda aiongeze baadaye. Akikwama weka picha ya skrini hapa tumuangalizie.